Mama Edina, Hukumvunja Wewe

Kambi ya Miwa, Moshi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Felista, Mama Edina,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu wewe kwanza, halafu mtoto, halafu wazee wetu hapo nyumbani, wote shikamoo yao. Mnaendeleaje? Mvua zimefika huko? Baba mkwe kifua kimempoa? Na Edina je, anakula? Anatembea, au bado anajikokota kwa makalio? Nauliza mengi kwa mara moja kwa sababu ni miaka miwili sijapata jibu hata la swali moja. Mimi niko hai. Mkono wa kushoto una nyuzi tisa, na mbavu zinauma nikicheka, lakini siku hizi sicheki sana, kwa hiyo hazinisumbui.

Najua namba yangu umeifunga. Sikulaumu. Barua hii anakuletea Sospeter, yule mkata miwa mwenzangu wa Buhigwe, anarudi nyumbani msimu umeisha. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimpe shemeji Obedi, maana Obedi ataichana kabla hajaisoma, na ana haki yake. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba la kubahatisha. Isome mpaka mwisho, hata kama baadaye utaiwashia moto.

Nianze na neno lenyewe kabla sijaogopa. Hukumvunja wewe mtoto. Hukumvunja mguu wa kwanza, hukumvunja paja, hukumvunja mkono. Ni ugonjwa. Mifupa yake imezaliwa nao, kama mwingine anavyozaliwa na kengeza. Huna mkono mzito. Hukuwa nao hata siku moja.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Mwezi uliopita alikuja kanisani kwetu hapa kambini mama mmoja wa Rau, wanamwita Mama Manka. Mchaga, mnene, sauti yake kama ya mnyapara. Akasimama mbele na binti yake Manka, ana miaka kumi na miwili lakini kimo chake ni cha Edina. Akasema wazazi wenye watoto wa mifupa hiyo wanaandaa msafara wa baiskeli, kutoka mjini kupitia Rau mpaka Uru juu, watu wachangie dawa, na majirani wajue kwamba ugonjwa huu upo. Mimi nilikuwa benchi la mbele. Yule binti akaniangalia. Felista, ile sehemu nyeupe ya macho yake haikuwa nyeupe. Ni bluu, kama maziwa yaliyodondoshewa tone la wino. Ni macho ya Edina kabisa. Yale ambayo mama yangu alisema ni macho ya baraka, tukafurahi.

Mama Manka akasema, "Mimi nimeitwa mchawi. Nimeitwa muuaji. Baba wa huyu mtoto alining'oa meno mawili, haya hapa, tazameni." Akafungua mdomo mbele ya kanisa zima. Vijana wa nyuma wakacheka. Mimi nilishika benchi.

Baada ya ibada nikamfuata nje.

"Mama, mimi nina baiskeli."

"Ina breki?"

"Moja."

"Ya wapi?"

"Ya nyuma."

"Basi kupanda utapanda. Kushuka muachie Mungu." Halafu akanitazama. "Una mtoto wa hivi?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Kwa mama yake. Mbali."

"Ulimpiga mama yake."

Hakuuliza, alisema tu. Nikajibu ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Wengi wenu huwa mnakuja na baiskeli."

Mke wangu, siku ile ya muwa unaikumbuka kuliko mimi, lakini niiandike ili ujue kwamba nami naikumbuka, sijajifanya imepita. Paja la Edina lilipovunjika, nesi aliuliza mbele za watu, "Nani anampiga huyu mtoto?" Mke wa mnyapara akasema mkono wako mzito, kambi nzima ikasikia. Nikarudi kutoka shambani na masizi usoni, nikachukua muwa mlangoni, nikakupiga mpaka ukakatika vipande, nikachukua mwingine. Uliinama kumkinga Edina, nami nikadhani unamficha ili nisione ulichomfanya. Ulikuwa unasema, "Sijafanya mimi, Baba Edina, sijafanya mimi." Nilipochoka nilikaa nikanywa maji. Nilikunywa maji, Felista, kama mtu aliyetoka kazini.

Basi nikajiandikisha kwenye msafara. Mama Manka aliposikia ni mkata miwa akafurahi, akasema njia ya kule juu imefungwa na majani, Ijumaa niende na panga niisafishe ili baiskeli zipite. Yeye na wenzake walibaki chini wanafunga vitambaa vya njano vya kuonyesha njia. Nikapanda peke yangu, nakata, natupa, najisikia kama nalipa kitu kwa Mungu. Unanijua, nikishika panga najisahau.

Kule juu kuna kona moja kali, njia inapita ukingoni mwa mfereji wa maji wanaouita mfongo, na pembeni vihamba viwili vimepakana, yaani mashamba yao ya ukoo, migomba na kahawa. Katikati ya vihamba, mpaka kwenye njia, kulikuwa na mstari wa majani marefu kama mahindi machanga yasiyozaa. Yamefunga nusu ya kona. Nikasema baiskeli arobaini hapa watu watatumbukia mfongoni. Nikayafyeka. Hatua kama kumi na tano, mpaka chini kabisa, mkato mzuri wa mkata miwa, hata mnyapara angesifu. Nikateremka naimba.

Yalikuwa masale. Sisi kwetu hatuyajui. Huku ndiyo mpaka wa shamba. Baba akigawia wanawe ardhi anayapanda kwa mkono wake, na akishakufa hakuna anayeyagusa. Baba wa pale aliyapanda kati ya wanawe wawili, Elisante mkubwa na Anaeli mdogo, ambao walikuwa hawasalimiani kwa miaka. Kitu pekee kilichowazuia wasiuane kilikuwa ule mstari, na mimi ndiye niliyeutoa kwa ajili ya baiskeli.

Jumamosi asubuhi, sasa ni wiki imepita, tukaondoka mjini, fulana za njano, watu wanapiga kengele, Manka yuko mbele kwenye gari amewekewa magodoro. Tulipofika pa kupanda Uru gari lilizunguka kwa barabara kubwa, sisi wa baiskeli tukaingia njia ya mkato, Mama Manka akitufuata nyuma kwa miguu. Mimi nilitangulia kwa sababu njia naijua. Karibu na kona nikasikia mlio ambao mtu yeyote wa kambini anaujua, panga likigonga panga.

Elisante sikio lilikuwa linaning'inia, shati limelowa damu mpaka kiunoni. Anaeli alikuwa anapiga kama mtu anayepasua kuni.

"Umeng'oa masale ya baba!" Anaeli akapiga kelele. "Umemfukua baba!"

"Nimeamka nimeyakuta hivyo, mbwa wewe! Umeyakata mwenyewe upate sababu!"

Nyuma yangu baiskeli zinagongana, watu wanaanguka mfongoni, wanapiga kelele, wale wawili hawasikii. Nikafungua mdomo niseme. Nikaufunga. Nakuambia ukweli, niliogopa. Nikawaza, nikikaa kimya nani atajua?

Hapo akatoka mke wa Anaeli, wanamwita Mama Aika, mikono ina unga, akamshika mumewe shati kwa nyuma. Anaeli akageuka.

"Na wewe! Wewe ndiye unayelala upande wa njia. Umesikia panga ukanyamaza. Amekupa nini huyu?"

"Sijui kitu, Baba Aika. Haki ya Mungu."

Akampiga bapa la panga mgongoni. Mama wa watu hakukimbia. Akampiga tena na mpini, mdomoni, nikaona meno yamebadilika rangi. Akakaa chini kwenye yale masale niliyoyakata mimi, ameshika mdomo, anasema, "Sijafanya mimi. Sijafanya mimi."

Ni maneno yako, Felista. Hata sauti ilikuwa ile ile, ya mtu ambaye hasemi ili aaminiwe, anasema kwa sababu hana kingine.

Sikumbuki nilivyotupa baiskeli. Nilimdaka Anaeli kifundo cha mkono, panga likateleza likanipasua mkono kutoka kiwiko kushuka. Nikapiga ukelele, "Ni mimi! Mimi ndiye niliyekata! Jana, kwa panga langu!"

Mapanga yakashuka. Hata mtu aliyekuwa analia mfongoni alinyamaza.

"Wewe nani?" Elisante akauliza.

"Mtu wa miwa. Nasafisha njia."

"Umetumwa na nani?"

"Na baiskeli."

Jibu la kijinga, najua. Ndilo lililonijia. Mtu mmoja akasema, "Kakodiwa huyu!" Basi. Walinipiga kwa mateke, kwa mpini wa jembe, kwa zile nguzo za kuegemezea migomba. Nilihesabu mapigo matano, baada ya hapo sikuhesabu. Elisante na Anaeli walikuwa pamoja, bega kwa bega, wanapokezana. Walipatanishwa na mgongo wangu. Wenzangu wa fulana za njano wengine walikimbia, wengine walivuta watu bila nguvu. Aliyeniokoa ni Mama Manka. Alipanda ile kona akihema, akajitupa juu yangu mzima mzima, nikadhani ndiyo nakufa sasa.

"Mkimuua huyu mtanizika naye!" akawaambia. "Na mnaniona nilivyo. Chimbeni, tuone shimo litakavyowachosha!"

Kuna mtu alicheka. Kicheko kile kimoja ndicho kilicholegeza mikono yao.

Halafu akaja mama mzazi wa wale ndugu wawili, bibi mwembamba, anatembea taratibu kama hakuna lolote. Akaenda kwenye masale machache yaliyosalia mwisho wa mstari, akakata jani moja, akalifunga fundo katikati. Akaniletea pale chini.

"Inuka. Wape. Kwa mikono miwili."

"Shikamoo bibi. Mkono mmoja hauinuki."

"Utainuka."

Ukainuka. Nikampa Elisante, akalishika, akanirudishia. Nikampa Anaeli. Alilitazama kama mtoto anavyotazama kwinini. Damu yangu ilikuwa kwenye jani, damu ya mkewe ilikuwa kwenye vidole vyake. Akapokea. Huku kwao jani hilo likishaletwa halikataliwi. Ukilipokea kesi imeisha, ukiendelea na ugomvi unajitafutia laana. Watu wakaanza kutawanyika, mmoja akaniokotea baiskeli, mwingine akaniuliza kama nataka maji. Wale wale.

Mama Aika bado alikuwa amekaa chini.

Nikasema, "Bibi, na huyu mama je?"

Bibi akasema, "Huyo ni wa nyumbani."

Akarudi alikotoka. Sijalala vizuri tangu siku ile kwa ajili ya neno hilo. Mimi niliyekosa nilipewa jani na maji. Yeye ambaye hakukosa hakupewa kitu, kwa sababu ni wa nyumbani. Nikaona kambi yetu, nikaona nyumba yetu, na mimi nimekaa nakunywa maji. Mama Manka ndiye aliyemwinua, akampeleka hospitali siku ile ile, na jana ameenda tena kumwona. Yuko kwa dada yake, na Anaeli amekatazwa kufika.

Msafara ulifika Uru, ndiyo. Niliisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, huu mwingine umefungwa kitambaa cha njano cha kuonyesha njia. Kwenye uwanja wa kanisa kulikuwa na daktari wa mifupa, binti mdogo tu, ndiye aliyenishona. Wakati ananishona nikamweleza habari za Edina, macho, mguu, paja, mkono. Akasema siwezi kuthibitisha bila kumwona, lakini kwa unavyoeleza ugonjwa ndio wenyewe. Mfupa wao unavunjika kwa kugeuzwa kitandani tu. Kuna dawa ya dripu, haiponyi, lakini mfupa unapata nguvu, wengine wanatembea. Akauliza, "Mkono ulivunjikaje?"

Hapo ndipo nilipomwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, hata mchungaji. Nakuandikia na wewe.

Siku ile ya muwa, ulipokwenda kwa jirani kuoshwa damu, Edina alikuwa analia. Nikamnyanyua. Nilimshika kwapani nimpandishe begani, kwa upendo, Mungu anajua, na nikasikia mlio. Ka! Kama muwa mkavu. Mkono ukalegea kwenye mkono wangu. Nikamlaza. Nikatoka nje nikawaambia watu, njooni muone, mkono nao umeshavunjwa na mama yake. Nilijiambia labda ulikuwa umevunjika kabla. Lakini mlio niliusikia. Kwa sababu ya neno langu hilo wanawake wa kambi walikutupia vyombo nje, na shemeji Obedi alipokuja kuwachukua tukatoleana mapanga mbele ya mtoto. Nilijua. Siku ile ya muwa na siku ile ya Obedi, zote mbili nilijua.

Daktari hakunifariji. Akavuta uzi, akaniuliza, "Mama yake anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi."

Leo nimesimama kanisani nikasema yote, na mlio pia. Mke wa mnyapara alitoka nje kabla sijamaliza. Wengine hawakunipa mkono. Ni sawa.

Kitu kimoja zaidi. Nilitaka nikuwekee jani la isale ndani ya bahasha hii. Nilikwenda Rau kwa Mama Manka kuliomba, ameyapanda kando ya ukuta wa nyumba. Akakata moja, akalishika, akauliza, "Mkeo ni Mchaga?"

"Siyo."

"Utamweleza maana yake?"

"Nitamweleza kwamba halikataliwi."

"Kwa hiyo akilishika hana la kusema. Unaomba msamaha au unamfunga kamba nyingine?"

Nikamwachia jani lake. Ndiyo maana bahasha ni nyepesi, ni karatasi tu. Unaweza kukataa, Felista. Ukikataa hakuna laana, hakuna mzee atakayetumwa, hakuna mtu wa kukuambia wewe ni wa nyumbani. Utakuwa umekataa, na utakuwa na haki.

Lakini usimkatalie Edina. Daktari ameandika jina lake, atamwona wiki ya kwanza baada ya Pasaka. Mama Manka ana chumba, amesema mfikie kwake Rau, wewe na mtoto na yeyote utakayekuja naye. Aje Obedi, aje na panga lake akitaka. Mimi nitakuwa hapa kambini. Sitakanyaga Rau mpaka uniite mwenyewe, na usiponiita nitasikia kwa Mama Manka kama dawa imeingia, itanitosha. Ukishuka stendi ya Moshi utamwona, ni mnene na anapiga kelele, huwezi kumkosa.

Wasalimie baba na mama, waambie mkwe wao anaomba waisome barua mpaka mwisho. Msalimie shangazi yako mshonaji, aliyekupokea. Msalimie mchungaji wa hapo. Shemeji Obedi msomee barua hii akiwa ameshiba.

Na sasa hili, ulishike kuliko yote niliyoandika. Edina asivutwe mkono wakati wa kumvalisha. Asishikwe vifundo vya miguu wakati wa kumwosha. Kumnyanyua, mkono mmoja uingie chini ya makalio, wa pili mgongoni, vidole vimetanuliwa mpaka shingoni, halafu umwinue mzima pamoja, polepole, kama unavyoinua maji kwenye sinia. Safari ni ndefu, na kwenye basi watakuwepo watu wema watakaotaka kukusaidia kumshusha, watamnyooshea mikono wamshike kwapani. Wakatalie. Wapigie kelele kama italazimu. Na mimi ukinikuta mahali popote nimemnyooshea mikono, nikatalie.

Mungu awatunze njiani.

Zakaria,
baba yake Edina